Simu ya Mzee Imejaa

Ugomvi wa apu za meseji ulianza siku ileile mzee aliponunuliwa simu ya kisasa, kabla hata plastiki ya kiooni haijabanduliwa.

Mzee alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha uchapaji, akisoma kurasa kabla hazijachapwa na kuzungushia makosa. Alikuwa amestaafu, lakini kalamu nyekundu haikumtoka mfukoni mwa shati. Watoto wake walikuwa wawili tu. Binti, ndiye mkubwa, alikuwa fundi miwani, na mtaani walikuwa wameshalisahau jina lake, wakamwita Fundi, basi. Mdogo wake wa kiume alihudumia kompyuta za hospitali, na kwa kuwa hakukuwa na jambo chini ya jua asiloweza kulitolea mhadhara, dada yake alimbandika jina la Profesa.

"Tumwekee apu ya kijani," Fundi alisema. "Watu wote wako huko. Wateja wangu, majirani, mpaka fundi bomba asiyependa kuandika anatuma sauti."

"Ndiyo maana siitaki," Profesa akajibu. "Sokoni pia watu wote wapo, lakini mbona huendi kuogea huko? Hiyo apu inajua unaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Tumwekee ya buluu. Ile inafunga maneno yako, hakuna wa kuchungulia."

"Baba ana siri gani ya kuchunguliwa?"

Mzee alikuwa amekaa katikati yao, simu mapajani, akimtazama huyu na yule. "Mkimaliza mtaniambia kama simu ni yangu au yenu."

Wakaweka zote mbili. Tangu hapo, kila asubuhi saa mbili kamili, ujumbe wa mzee uliingia kwa Fundi kwenye ya kijani, na dakika moja baadaye kwa Profesa kwenye ya buluu: *Nipo. Mzima.* Nukta mbili, herufi kubwa mbili. Fundi akimwandikia visa vya wateja wake, mzee alimrudishia vimesahihishwa, mkato hapa, neno pale. Binti alikuwa akicheka peke yake kwenye mashine ya kusagia lenzi.

Lakini Fundi hakuwa mtu wa kukaa na simu akatulia. Kati ya lenzi moja na nyingine alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Alitazama tiki. Alitazama mtu alionekana mara ya mwisho saa ngapi. Alikuwa hivyo hata kabla ya simu hizi, tangu mama yao alipobeba sanduku moja akaondoka, yeye akiwa na miaka kumi na saba na Profesa sita. Kuanzia siku ile alikuwa akihesabu watu wa nyumbani kabla ya kula na kabla ya kulala. Akikosa mmoja, chakula hakipiti.

Jumanne moja saa mbili ikafika, ikapita. Saa mbili na robo, kimya. Fundi aliandika, "Baba, umeamkaje?" Tiki moja. Akasubiri ya pili kama anayesubiri maji yachemke. Tiki ikabaki moja.

Akampigia kwa njia ya kawaida. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia Profesa.

"Kwako ameandika?"

"Hajaandika. Nilidhani anaongea na wewe."

"Na mimi nilidhani anaongea na wewe."

Profesa akasema labda mtandao, labda chaji, labda yuko bafuni. Fundi aliitikia kila labda, huku mikono ikirudi kwenye mashine. Alikuwa anasaga lenzi ya kushoto ya miwani ya mwalimu mmoja. Macho yalikuwa kwenye lenzi, akili ilikuwa kwa baba yake, sakafuni, karibu na kitanda, mkono mmoja umenyooshwa. Aliposhtuka, lenzi ilikuwa imepita alama. Akaijaribu kwenye fremu. Ikachomoka na kudondoka mezani. Akavua aproni, akafunga duka, akatoka roho mkononi.

Njiani aliangalia simu mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Alipanda ngazi mbilimbili mpaka ghorofa ya pili, kwa baba yake. Mkono wake ulikuwa tayari kitasani aliposikia kicheko.

Kilikuwa kicheko cha baba yake. Si kile kifupi cha puani alichokizoea, bali cha tumboni, cha mtu aliyejiachia. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Akausukuma taratibu.

Mzee alikuwa mezani, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi. Simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Mbele yake kulikuwa na daftari, naye alikuwa akisoma kwa sauti:

"'Leo mama mmoja kaniletea miwani iliyokaliwa na mumewe. Anataka niitengeneze mume asijue kwamba yeye anajua.'"

Sauti ya mwanamke ikacheka ndani ya simu. "Ee, endelea."

Fundi aliyajua maneno yale, maana alikuwa ameyaandika yeye wiki iliyopita. Na ile "ee, endelea" aliijua pia. Miaka kumi na tisa hakuisikia, lakini mwili wake uliitambua kabla ya kichwa.

Mzee aliinua macho. Kalamu ikamwanguka.

"Nani huyo?" simu ikauliza.

"Ni mkubwa," mzee akasema.

Fundi alisogea mpaka akaiona sura kiooni: mwanamke mwenye mvi amejifunga kitambaa cha kazi, nyuma yake masufuria makubwa yamepangwa ukutani. Akageuza uso haraka, kama aliyemchungulia mtu asiyevaa nguo.

"Nilidhani umekufa," alimwambia baba yake. "Umenisikia? Nimepanda ngazi zile nikijua nakuja kuokota maiti. Meseji hazifiki, simu hupokei!"

"Niliinyamazisha, ilikuwa inatukatiza." Mzee alilaza viganja vyake juu ya daftari. "Na apu zenu nimezifuta. Simu imejaa. Jana ilikataa kunionyesha picha yake, ikaniambia nitoe kitu. Nikakaa jioni yote nikinakili meseji zenu zisipotee, kisha nikazitoa. Nilitaka nikimaliza hapa niwapigie."

"Ukatutoa sisi."

"Nimetoa apu."

"Ukatutoa sisi, ukambakiza yeye!"

Pembeni ya sura ile kiooni palikuwa na alama ya apu moja tu, asiyoifahamu Fundi, ya zambarau.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano. Alipata namba yangu kwa mwenzangu wa kiwandani. Kule jikoni anakopikia, wote wanatumia hii."

"Na kila siku unamsomea mambo yangu."

"Huwa nasahihisha kwanza."

Siku nyingine wangecheka. Fundi alilinyooshea daftari kidole. "Nilikuandikia wewe, baba. Wewe peke yako."

"Mwanangu," sauti ya kwenye simu ikaanza.

"Usiniite hivyo!"

"Usimkemee," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwenye kukemewa ni mimi. Keti."

Hakuketi. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, mguu mmoja ukigonga sakafu bila ruhusa yake.

"Niliwaambia alituacha," mzee alisema. "Ni kweli, aliondoka. Lakini sikuwaambia kwamba mwaka mzima kabla ya hapo sikuzungumza naye. Tuliishi nyumba moja nikimwachia vikaratasi mezani. Chumvi imeisha. Nitachelewa. Na yeye akiniandikia, hata mambo mazito, namrudishia nimezungushia makosa kwa hii kalamu. Niliona ni utani. Siku aliyoondoka aliacha barua. Unajua nilifanya nini? Niliisoma kwanza kutafuta makosa. Nilipofika mwisho ndipo nikaelewa imesema nini."

Ndani ya simu mtu alipenga kamasi.

Fundi akasema, "Mwalimu anangoja miwani yake," akageuka. Mzee alimwahi mlangoni, akachana ukurasa wa daftari na kumtilia mkononi. Ilikuwa namba ya mama yake.

Akiwa bado kwenye ngazi alimpigia Profesa akamweleza yote. Profesa akasema, "Ya zambarau? Ile haifungi kitu, mtu yeyote anaweza..." Akaishia hapo. Baadaye akauliza, taratibu, "Sauti yake ikoje?"

"Kama zamani."

"Mimi ya zamani siikumbuki." Akakohoa. "Wewe fanya unavyoona, Dada. Mimi siipakui. Ila kesho nitakwenda kwa baba nimwekee kadi ya kumbukumbu kubwa zaidi, nafasi iwepo ya watu wote."

Fundi alirudi dukani, akasaga lenzi nyingine, mara hii kwa uangalifu mpaka shingo ikamuuma. Mwalimu akaja, akavaa, akashukuru, akaenda. Kisha mikono ikakosa kazi, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Alifuta kaunta iliyokuwa safi. Alipanga bisibisi kwa ukubwa, akazichanganya, akazipanga tena. Saa tisa alikuwa ameshapakua apu ya zambarau na kuifuta mara mbili. Mara ya tatu akaiacha.

Apu iliomba isome majina ya watu wake wote, akakataa. Iliomba itumie maikrofoni, akasita, akakubali. Akaandika ile namba. Ikajitokeza picha ya ndoo yenye maua, na chini yake: *yuko mtandaoni*.

Aliandika, "Kwa nini hukutuandikia sisi?" Akafuta. Aliandika, "Habari za jioni." Akafuta, maana jioni ilikuwa haijafika. Ghafla kiooni pakatokea *anaandika*. Pakapotea. Pakatokea tena, pakapotea. Fundi alitazama lile neno likija na kuondoka mpaka akashindwa kuvumilia, akabonyeza kupiga.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Najua. Ngoja nitoke huku jikoni." Mlango ulisikika ukifungwa. "Niulize unachotaka."

"Kwa nini hukutuandikia?"

"Niliandika. Nikachana. Nikaandika tena. Kila nikisoma naliona kosa, nasema mtamwonyesha baba yenu." Akavuta pumzi. "Hiyo si sababu ya kutosha. Najua."

"Hapana, haitoshi," Fundi akasema. "Profesa alikuwa na miaka sita. Alikuwa akikaa na viatu mlangoni, akikungoja."

Mama yake alilia, na Fundi akamwacha alie, hakumbembeleza. Wala hakukata. Alikuwa akitembea huku na huku nyuma ya kaunta, hatua nne kwenda, nne kurudi, simu imebanwa sikioni.

Mteja mmoja akaingia ameshika miwani iliyochomoka mkono. Skrubu imeanguka, akasema, anangoja hapahapa.

"Kuna mteja," Fundi alisema kwenye simu. "Usikate."

Akailaza mezani kati ya fremu, kioo juu. Alitafuta skrubu ndogo kuliko zote, ikamponyoka vidoleni, akaiokota, ikamponyoka tena.

"Pole pole tu," mteja akasema. "Unaongea na mtu?"

"Na mama," akajibu, asijue kama neno lile limesikika mpaka upande wa pili. Sekunde za simu zilikuwa bado zinahesabika kiooni, hakuna aliyekata. Akaiinamia miwani, akakaza skrubu.