Doa la Dobi

Dobi alikuwa na maringo ya kazi yake, na tusimlaumu: mashati ya maharusi na makoti ya matabibu yalitoka mikononi mwake yakiwa meupe pepepe. Lakini doa jeusi la mkononi mwake mwenyewe lilipoanza kupanuka, kingo zikapindapinda, alilipuuza. Kisha likazungukwa na duara jeupe.

"Dawa ya madoa imenirukia," alimwambia mkewe.

"Dawa gani hiyo inayochora duara kama imeshika bikari?" mkewe alimaka. "Baba, vaa viatu. Twende hospitali."

"Na nguo za watu?"

"Zitakusubiri. Mimi ujane siutaki."

Daktari, binti mwenye miwani mikubwa, alilikagua doa kwa kioo. Umbo lake halikumpendeza. Madoa ya namna hiyo, mara chache, hugeuka saratani. Duara alilifahamu: mara nyingi ni kinga ya mwili inayolishambulia doa.

"Lakini duara peke yake halitoi jibu, mzee. Nalikata, maabara iseme."

Siku kumi dobi alipiga pasi roho iko juu. Aliunguza kola mbili, jambo ambalo halikuwa limepata kumtokea. Aliogopa kufa, basi.

Siku ya majibu daktari hakuwazungusha. "Si saratani."

Dobi alimwomba arudie. Akarudia, kisha akampeleka kwenye hadubini. Dobi alifumba jicho moja, akaona seli za doa zimezingirwa na chembe za buluu, zimebanana, nyingine zimejipenyeza hadi katikati.

"Hizo za buluu ni kinga yako," daktari alisema. "Zilikuwa zinalimaliza doa. Rangi ya ngozi ya pembeni nayo ikapotea, ndiyo hilo duara."

"Nani alizituma?"

"Hakuna. Mwili wako wenyewe."

"Zote hizi zangu?"

"Zako, mzee."

Dobi alicheka mpaka wauguzi wakachungulia mlangoni. Aligeuka kumwita mkewe, akamkuta yule aliyejikaza siku zote kumi amejifunika uso kwa viganja, analia kwa sauti.

"Mama, inuka. Njoo ulione jeshi la mumeo."

Mkewe aliinama, machozi yakalowesha kioo.

"Sioni kitu, baba," alisema, bila kuondoa jicho. "Lakini waambie nimewashukuru."