Lori la Pakiti ya Maziwa

Yeyote aliyewaza kwamba mzazi na mtoto wataketi pamoja Jumamosi mchana, wakate, wabandike na kucheka, huyo hakuwa akiishi mtaa wa Huruma. Huko kazi ya mikono ya mtoto hufanywa na mama, na hilo lilijulikana na kila mtu, walimu wenyewe wakiwemo. Tangu mtaala mpya uingie, akina mama walikuwa wameshajenga maboma ya maboksi, wameshona midoli ya matambara na kufinyanga vyungu, kisha watoto wakapigwa picha wamevishika vitu hivyo kwa woga, kama watu walioachiwa mzigo usio wao. Picha ikiingia kwenye grupu ya simu ya wazazi wa PP2, darasa la chekechea, mwalimu anaweka kidole gumba, na mambo yanaishia hapo.

Katika grupu hiyo Perez hakuwa na mpinzani. Alikuwa fundi wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa dirishani mwa chumba alichopanga karibu na vibanda vya mafundi wa mabati. Mkono wake haukukosea. Aliweza kukata kola kwa macho tu, bila chaki, na wateja walimsifu mbele ya mafundi wengine ambao hawakufurahi. Lakini mtu mwenye mkono kama huo hana subira na mkono wa mtoto wa miaka mitano, na mwanawe George alikuwa na mikono ya miaka mitano. Ilidondosha vitu, ilichafua vitu, na ilifika mahali ambapo haikuitwa.

Safari hii hata hivyo Perez hakuhangaikia sifa za grupu. Alihangaikia mtoto mwenyewe. Mumewe Bethwel, dereva wa lori, alikuwa amehamia mji wa Turbo kwa mwanamke mwingine, na hilo Perez alikuwa ameshalimeza. Lililomkwama kooni ni mama mkwe. Mama Bethwel alikuwa amekuja kukaa na mjukuu wake siku za Krismasi, akamtazama vizuri, kisha akasema mtoto huyu hachezi. Ukimweka kwenye kiti unamkuta kwenye kiti. Akataka amchukue, amlee kwake Turbo pamoja na watoto wengine wa boma. Familia mbili zikakaa, maneno yakawa mengi, na mwisho ikakubaliwa kwamba bibi atakuja siku ya wazazi shuleni, amwone mtoto kati ya wenzake. Akiridhika, hatalitaja tena jambo hilo. Asiporidhika, ataondoka na mtoto siku hiyo hiyo, na Perez aliapa mbele ya wazee kwamba hatambishia.

Na alimpenda mtoto huyo. Lisemwe mapema, maana huko mbele kuna watakaotaka kulikana. Alimpenda kama mtu anavyopenda kitu cha mwisho alichobakiza, akakikamata kwa nguvu zote, bila kuangalia kama kinaumia.

Mwalimu Jepkosgei alikuwa ameagiza kila mtoto atengeneze kitu cha kuchezea kwa takataka za nyumbani, bila kununua chochote. Kisha wiki ya siku ya wazazi akatuma ujumbe wa sauti. Alisema kwa upole kwamba amechoka kusahihisha kazi za watu wazima. Watoto watatengeneza upya darasani, mbele ya kila mtu, na wazazi watakaa nyuma wameweka mikono mapajani. Grupu iliyokuwa haikosi maneno ikakauka. Mmoja aliuliza kama kuna chai.

Perez hakutishika. Alijua namna moja ya kufundisha, ile aliyofundishwa yeye. Fundi aliyemlea kazini hakumruhusu kugusa mashine mpaka alipokuwa amefagia nyuzi na kutazama kwa muda ambao alidhani hautaisha. Siku alipoketi hatimaye kwenye mashine, mikono ilikuwa inajua kila kitu. Basi akamketisha George kwenye kigoda, akamwambia atazame. Mkasi hakumpa, angejikata. Gundi hakumpa, angeimwaga, na ilikuwa gundi ya bure tu, unga wa ngano uliokorogwa kwa maji na kupikwa mpaka ukawa mzito.

Akamtengenezea lori. Pakiti ya maziwa aliiosha, akaikausha, akaikata upande mmoja ikawa na sehemu ya kubebea mzigo. Kichwa cha lori kilitoka kwenye boksi la majani ya chai. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya chupa za plastiki, na ekseli vijiti vya mishikaki. Ili kutoboa vifuniko alipasha msumari kwenye jiko la makaa, akaushika kwa kitambaa, akauzamisha katikati kabisa, plastiki ikatoa moshi na harufu. Alipomaliza alilibomoa lori lote na kuanza tena, mtoto akitazama. Akabomoa tena. Mara moja moja mkono wa mtoto ulinyooka kuelekea mezani, na Perez akaurudisha. Jinsi alivyourudisha ni jambo lililobaki kati yao wawili.

Na wakati wote huo alikuwa akiongea. Perez hakuwahi kujisikiliza akiongea. Maneno yalimtoka kama vipande vya nyuzi vinavyoanguka chini ya cherehani. Jioni unafagia, na nani anakumbuka vilikuwa vya rangi gani.

Siku ya wazazi Mama Bethwel alifika kwa gari, Probox ya jirani yake wa Turbo, amevaa kitenge cha kanisani, mkoba mapajani. Perez alimkaribisha kwa heshima zote, akampangusia kiti, akaketi kando yake. Bibi alimshukuru, akauliza habari za kazi, na hakuna aliyetaja kilichowaleta.

Watoto walianza, na haikuwa picha nzuri kwa wazazi. Mtoto wa mama mmoja mfanyakazi wa benki, ambaye picha yake kwenye grupu ilionyesha helikopta, alilamba gundi mpaka ikaisha. Mwingine alilia akitaka mamake aje amalizie. Ikra, binti wa Ahmed muuza magodoro, aliyeketi meza moja na George, alipanga mnara wa vikopo vya mtindi, ukaanguka, akacheka sana, akaupanga tena ili uanguke. Wazazi walitazama vidole vyao.

Kisha George akaanza. Kwanza alichukua uzi mrefu akauning'iniza shingoni kama tepu ya fundi. Watu wakatabasamu. Akafungua na kufunga mkasi wa plastiki karibu na sikio, akisikiliza makali yake, vile vile afanyavyo mamake kabla ya kukata. Watu wakacheka kwa sauti. Akakata pakiti pale pale panapopaswa, akaikunja, akapaka gundi kwa ncha ya kidole kimoja bila kudondosha tone. Vifuniko vilikuwa vimeshatobolewa nyumbani, lakini hatua ile ya kupasha msumari hakutaka kuiruka, kwa hiyo alishika kijiti kimoja, akakielekeza sakafuni mahali ambapo jiko lingekuwa, akapuliza makaa yasiyokuwepo mashavu yakimvimba. Darasa zima likacheka kwa mapenzi, na Mwalimu Jepkosgei akafuta macho.

Perez alicheka pia, mpaka machozi. Hakuwa amefurahi hivyo tangu Bethwel aondoke. Mama Bethwel aliinama akamwambia polepole kwamba ule ni mkono wa mama yake kabisa, kisha akampigapiga goti, mara mbili, kama mtu anayefunga mazungumzo. Perez alielewa. Mtoto alikuwa amebaki wake.

Ni hapo Ikra alipochoka na mnara wake, akanyoosha mkono kuokota gurudumu la lori.

George alimpiga vidole kwa rula iliyokuwa mezani. Hakumpiga kwa hasira. Alipiga pigo moja fupi, lililokadiriwa.

"Nani amekuambia uguse?" alisema. Sauti ilikuwa yake, nyembamba, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa mtu mwingine, na kila aliyewahi kupeleka sare kwa Perez aliutambua. "Mikono yako ni ya baba yako. Inajua kuharibu tu."

Kicheko kilikuwa bado hakijakwisha huko nyuma. George akachukua kile kijiti, akakirudisha kwenye jiko lake la hewani, akangoja kipate moto. Kisha akaushika mkono wa Ikra, akaufungua kidole kimoja kimoja bila haraka, akaweka ncha ya kijiti katikati ya kiganja na kuikandamiza.

"Usilie," akamwambia. "Ukilia naongeza."

Ikra hakulia. Kijiti kilikuwa baridi na alidhani ni mchezo, akamwangalia rafiki yake huku akitabasamu. George alishangaa kidogo. Akangoja. Alipoona hakuna kinachofuata, akamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini, ambayo, kicheko kikiwa kimeshakatika, ilifika mpaka dirishani, "Hivyo hivyo. Na ukiambia mtu nakupeleka Turbo, huko watoto wanalala na ng'ombe." Akamwachia mkono, akarudi kwenye kazi, akapachika gurudumu la mwisho. Akalisukuma lori mezani. Likaenda moja kwa moja, bila kuyumba, akainua uso kutafuta makofi.

Hakuna aliyepiga. Ahmed alinyanyuka, akaenda akamchukua binti yake, akakitazama kiganja chake, akamfuta gundi kwa kona ya kanzu na kutoka naye bila kumlaumu mtu. Mwalimu alisema chai iko tayari nje. Watu walitoka kwa kusukumana, wakiwa na haraka ambayo chai ya shule haijawahi kusababisha.

"Watoto wa siku hizi, Mama," Perez alisema. "Wanaona vitu kwa TV."

Chumbani kwake hapakuwa na TV, na Mama Bethwel alikuwa amelala humo siku zile za Krismasi. Bibi alienda mbele, akapiga magoti kwa shida kwenye sakafu ya saruji, akamwomba mjukuu mkono. George alimpa wa kushoto. Akaomba na wa kulia, na huo mtoto alichelewa kuutoa. Perez alibaki kwenye kiti chake. Hakuwa na haja ya kwenda kuangalia, alijua kilichomo. Nyumbani alikuwa na maelezo ya kila alama, msumari uliteleza, mtoto alijisogeza mwenyewe, na alikuwa ameyarudia moyoni mpaka akayaamini. Sasa aliyatafuta, hakuyaona hata moja.

Mama Bethwel aliufunga ule mkono ndani ya mikono yake. Aliponyanyuka hakupaza sauti.

"Uliapa, Perez."

Basi.

Nguo hazikufuatwa. Bibi alisema Turbo kuna nguo. Walitembea mpaka getini, mtoto katikati akiwa amelibeba lori lake kwa mikono yote miwili. Njiani wazazi wengine waligeukia vikombe vyao. Kama mtu angemfungua Perez kifua wakati huo angekuta maneno mazuri tu. Angekuta kwamba atakuja Jumapili. Angekuta pole, na angekuta kwamba lori lile lilikuwa zuri kuliko yote aliyotengeneza yeye. Alikuwa anayapanga. Alijua hana nafasi nyingine, na alitaka yatoke vizuri.

Mlango wa Probox ukafunguliwa. George alimtazama bibi, akamtazama mamake, na ikaonekana usoni mwake kwamba alikuwa akihesabu alichokosea. Turbo ilikuwa adhabu, hilo alilijua vizuri. Asichokijua ni kosa.

"Ni magurudumu, Mama?" aliuliza. "Naweza tengeneza ingine."

Perez alifungua mdomo. Aliona wale akina mama na vikombe vyao, alimwona Ahmed ng'ambo ya barabara akimpandisha binti yake kwenye bodaboda, alimwona mama mkwe amesimama wima na mkoba wake. Aibu ikampanda kutoka miguuni, na ilipofika mdomoni ikayasukuma yale maneno mengine kando.

"Hiyo ungetengeneza vizuri toka mwanzo," alisema.

Mtoto alikubali kwa kichwa. "Pole, Mama," alisema, akapanda nyuma, akakaa alipowekwa. Bibi aliingia akaketi kando yake, akajaribu kumkumbatia, lakini George hakuwa na nafasi ya kukumbatiwa, alikuwa amelipindua lori juu chini mapajani. Probox ilipokata kona kushika barabara ya Webuye inayopitia Turbo, kichwa chake kilikuwa bado kimeinama kiooni. Alikuwa akiyazungusha magurudumu kwa kidole, moja baada ya jingine, akitafuta lenye kosa.