Vyoo Vilivyoelekea Kibla

Ukutani mwa ofisi yake mjini Kahama, Swaleh alikuwa ametundika jedwali la usimamizi wa miradi. Juu zilipangwa hatua, tangu kuanzisha hadi kufunga; ubavuni maeneo ya maarifa: muda, gharama, ubora, wadau na mengineyo. Aliwafundisha wengine kuwa kila eneo lina kazi yake katika hatua zaidi ya moja. Lakini jamaa wa msikiti mmoja wa Nyahanga walipompa kazi ya kuwajengea vyoo, yeye aliandama muda na gharama tu. Ubora na wadau akaviahirisha hadi hatua ya kufunga.

Ijumaa ya makabidhiano aliingia kukagua. Akasimama mbele ya sinki la choo cha kwanza. Atakayechuchumaa hapo ataelekea kibla, jambo ambalo Mwislamu hukatazwa wakati wa haja. Na masinki yote yalikuwa hivyo hivyo.

"Mabula! Nani kakuelekeza hivi?"

"Mchoro wako, bosi," fundi akajibu. "Uliugeuza ili milango itazame barabara. Mimi Mkatoliki, ningejuaje? Nilikuuliza kama wazee wameuona, ukasema wataona siku ya kukabidhiwa."

Nje, Bi Safiya, kiongozi wa akina mama waliochangisha fedha za ujenzi ule, akapaza sauti: "Swaleh mwanangu, mbona hutoki? Au unavizindua peke yako?" Wenzake wakaangua kicheko.

Nafsi ikamshawishi: wape funguo, uondoke, leo hakuna atakayetambua. Akazitia funguo mfukoni, akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini, baba?"

"Vyoo havifai. Vinaelekea kibla."

Kicheko kikakatika. Bi Safiya akamsogelea. "Wewe? Uliyesomeshwa juzuu za Kurani na marehemu mume wangu?"

"Ndiye mimi."

"Na sisi hukutuuliza kwa nini, tangu mwanzo?"

"Niliwaweka mwisho, mama."

Hakumkemea, laiti angemkemea. Alivuta ushungi wake, akasema taratibu, "Basi baada ya swala utawaambia mwenyewe. Mimi siwezi."

Swaleh hakusikia hotuba hata neno. Imamu alipokwisha kutoa salamu, alisimama mbele ya watu waliomjua tangu utotoni, akaeleza kosa lake bila kumtaja fundi, na kwamba atavunja na kujenga upya. Mmoja mmoja wakainamisha macho, kana kwamba aibu ile ilikuwa yao.