Ndoo ya Vioo

Pikipiki ya Sindano ililetwa gereji juu ya mkokoteni, asubuhi, siku ya kumi na mbili tangu mwenyewe azikwe. Mama yake alitembea kando, mkono mmoja kakishika kiti isije ikaanguka, utadhani kulikuwa na kitu kilichobaki cha kuvunjika.

"Polisi wameniachia," alimwambia fundi. "Haya, ifungue. Uniambie ilikuwa na nini."

Mwanamke huyu na fundi ni tumbo moja. Yeye ndiye dada mkubwa, aliyemlea fundi tangu wazazi wao walipofariki, na fundi hajawahi kumdanganya akafanikiwa. Sindano alikuwa mwanawe wa pekee. Na hilo jina la Sindano, jamani, fundi mwenyewe ndiye aliyempa. Alimwona siku moja foleni imesimama, anapita kati ya basi na lori, nafasi ambayo hata paka angeiogopa. Fundi akapiga makofi, akapaza sauti: "Mpwa wangu, wewe si mtu, wewe ni sindano!" Basi jina likashika, madereva wa pikipiki wote wakawa wanamwita hivyo.

Dada alikaa kwenye benchi. "Watu wana maneno," alisema. "Pale pale msibani niliwasikia. Eti mwanangu alijitakia. Eti alikuwa anaendesha kama kichaa. Mimi najua ni breki. Wewe ndiye fundi, ndugu yangu. Sema ni breki, niwafunge midomo."

Fundi alichukua spana. Alijua jibu kabla hajafungua boliti ya kwanza, lakini alifungua hivyo hivyo, maana dada alikuwa hambandui macho. Breki zilikuwa nzima. Alizifunga yeye wiki mbili kabla ya ajali, na kwa breki, mtaa mzima hakuna wa kumfikia.

Uongo ulimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Angesema kifaa kilikuwa feki, kimekatika, basi, yamekwisha. Nani angembishia? Dada angepata usingizi, na yeye angebaki kuwa mjomba aliyefiwa kama wafiwa wengine.

"Mbona haina vioo vya pembeni?" dada aliuliza.

Fundi aliinama zaidi kwenye gurudumu.

"Vilivunjika kwenye ajali?"

"Dada..."

"Nakuuliza wewe. Vilivunjika?"

Pale vioo vinapofungwa kulikuwa na matundu mawili, na yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa boliti safi, zimekazwa vizuri, kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Dada hakuwa fundi, lakini macho alikuwa nayo.

"Nilivitoa mimi," fundi alisema. "Na usukani niliukata, kila upande vidole vinne. Ili apenye, dada. Wote wanafanya hivyo, vioo vinagonga magari kwenye foleni. Alikuja hapa akasema, mjomba nipunguzie, nikampunguzia, na tukacheka. Breki ni nzima. Alichomoka kati ya magari akahamia upande wa pili, na nyuma yake lori lilikuwa linakuja. Hakuwa na kitu cha kulionea."

Dada hakupiga kelele. Fundi alitamani apige, amzabe hata kibao kama zile enzi za utoto. Lakini alikaa tu, mikono mapajani, machozi yanamshuka wala hayafuti.

"Nilikuja hapa," alisema. "Nikakwambia, mkanye mtoto, wewe anakusikiliza. Ulinijibu nini?"

Fundi alikumbuka neno kwa neno. Alimjibu, "Mwache kijana, dada, huyo ana macho mpaka kisogoni." Gereji nzima iliangua kicheko siku ile, na dada naye alicheka kidogo.

"Viko wapi hivyo vioo?"

Fundi alikwenda nyuma ya rafu, akaburuta ndoo kuukuu ya rangi. Ilijaa vioo pomoni, vya duara na vya pembe nne, vingine bado na vumbi la barabarani. Dada alipiga magoti akaanza kuvitoa, kimoja kimoja, akivipanga sakafuni.

"Vya mwanangu ni vipi?"

Fundi alitazama. Alitazama tena, akageuza hiki, akageuza kile. Hakujua. Mungu wangu, hakujua! Alikuwa ametoa vingi mno, kazi yenyewe ya dakika mbili, mkono unafungua na mdomo unapiga soga.

Dada aliendelea kupanga. Sakafu ilikuwa inajaa na ndoo haijafika nusu.

"Na hivi vingine," aliuliza, "ni vya watoto wa nani?"

Fundi alianza kuwataja kwa sauti ya chini, wale aliowakumbuka. Chapuchapu. Kipanga. Mrefu. Yule wa miwani. Wale mapacha.

"Wazima?"

"Wazima, dada. Wako barabarani."

"Wapigie simu."

"Nitawaambia nini sasa?"

"Wapigie, nimesema!"

Alifuta mafuta mikononi, akampigia Chapuchapu. Simu iliita mara tatu ikapokelewa, na hapo gereji ikajaa honi, injini na upepo unaovuma kwenye simu.

"Sema fundi, fanya haraka, niko katikati ya magari hapa!"

Dada alimpokonya simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Simama pembeni, mwanangu."

"Nani huyo? Sikusikii, mama, kuna kelele!"

"Simama," dada alisema, na sasa alikuwa analia kwa sauti. "Simama kwanza, baba. Kaa pembeni, nitakwambia."