Ugomvi wa Koki Kuukuu na Mama Valvu

Miguu ya mjomba ilikuwa imetokeza chini ya sinki la mwanamke ambaye, hadi siku ile, hakuwa amewahi kumtia machoni. Soksi moja nyeusi, nyingine ya buluu. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwendea mambo makubwa, nililolipiga pasi mwenyewe, na sasa lilikuwa limelowa mabegani. Tulikuwa tumekwenda kuomba ruhusa, si kutengeneza bomba. Lakini mjomba alisikia tone moja jikoni, akasikia la pili, na chai haijamiminwa akainuka na kusema, "Samahani mama, hilo siwezi kulivumilia."

"Kinyozi hajinyoi," mwenye nyumba alimjibu. "Spana ziko nyuma ya mlango."

Maana mwenye nyumba naye alikuwa fundi bomba. Watu wa kazi yetu walimjua kwa jina la Mama Valvu, ingawa waliowahi kumwona walikuwa wachache. Alipotufungulia mlango alimtazama mjomba juu mpaka chini, akasema, "Kumbe mfupi." Mjomba akamjibu, "Na wewe kumbe unacheka." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza ana kwa ana. Sasa nilikuwa nimebaki na mama huyo sebuleni, mapajani nimepakata bahasha nene yenye ugomvi wao wa miaka, umepigwa chapa na kutiwa namba za kurasa.

Ugomvi huo ulizaliwa kwenye Jukwaa la Mafundi Bomba. Mjomba ndiye aliyelianzisha mtandaoni, nami nikalitunza, kwa sababu yeye alijua bomba na mimi nilijua bomba kidogo na kompyuta kidogo. Alinifundisha kazi tangu nilipomaliza shule, na wenzetu wa jukwaani waliposikia hivyo wakaniita Mpwa, jina ambalo limeniganda mpaka leo. Mjomba alijiita Koki Kuukuu. Fundi aliyekwama popote pale alipiga picha ya bomba lake, akauliza, na kabla maji hayajamfika magotini alikuwa amepata majibu kumi, matano kati yake ya matusi ya kirafiki.

Mama Valvu aliingia siku moja bila hodi, akamsahihisha mjomba. Aliishi mji mwingine, safari ya nusu siku kwa gari. Mumewe alikuwa amelala kitandani kwa ugonjwa mrefu, kwa hiyo alichukua kazi za jirani tu, na saa zilizobaki alikuwa nasi, mkono mmoja umeshika simu na mwingine kijiko cha dawa. Hayo ya mumewe alituambia mara moja, kwa mstari mmoja, kisha akarudi kwenye bomba.

Mjomba aliandika kwamba bomba linalotoka kwenye tangi linaweza kupanda juu ya ukuta na kushuka tena, hakuna ubaya.

"Maji hayapandi mlima kwa kubembelezwa," akajibu Mama Valvu. "Hapo juu itanasa hewa, na mteja atakupigia simu kukuuliza bei ya ndoo."

"Maji yangu mimi huwa yananisikiliza."

"Basi yaambie yakufundishe kazi."

Watu walikuwa wakiacha chakula ili wasome. Hata mafundi umeme walijiandikisha kwa jina la uongo.

Miaka ikapita, mafundi wakahamia kwenye makundi ya simu, na kampuni iliyotuhifadhia jukwaa ikatangaza kwamba italizima. Mjomba hakulala vizuri tangu habari ile. Aliniuliza zaidi ya mara moja, kana kwamba mimi ndiye mwenye swichi, "Wakishazima, nani atajua tulikuwepo?" Nasi tungali katika majonzi hayo, akatokea mhariri wa kampuni ya vitabu. Bomba lilikuwa limempasukia jikoni, akatafuta msaada mtandaoni, akaangukia ugomvi wa Koki na Mama Valvu, akausoma mpaka zulia likaelea. Alitaka kitabu.

Lakini maneno yale yalikuwa ya nani? Nililiuliza jukwaa zima. Fundi mmoja akajibu kwamba tuchukue yake yote, ila tumstahi kuhusu siku aliyofurikisha nyumba ya mkwewe. Mwingine akasema majibu yake yote aliyapata kwa marehemu mwalimu wake, hivyo ruhusa tukaombe makaburini. Wa tatu alikubali kwa sharti picha yake ikae kwenye jalada, tena ile ya zamani, kabla ya kitambi. Mmoja akauliza kwa unyenyekevu kama swali nalo lina mwenyewe, maana yeye hakuwahi kujibu kitu, aliuliza tu. Nilimwambia lina mwenyewe, na bila yeye hapangekuwa na kitabu. Akafurahi sana.

Mhariri akakata shauri: kila mtu ni mwenye neno lake, na asiyeridhia, lake halichapishwi. Wote wakaridhia. Mama Valvu peke yake ndiye aliyekaa kimya, na bila yeye mjomba angebaki kitabu kizima anabishana na ukuta.

Wakati tunamsubiri, niliendelea kupanga kurasa, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo miaka yote nilikuwa nikilipita. Mjomba aliandika kwamba utepe mweupe wa kuzibia maungio unazungushwa kwenye meno ya bomba kinyume cha upande wa kukazia. Mimi nilizungusha utepe mbele yake kila siku kwa kufuata upande wa kukazia, na siku niliyokosea upande alinifanya nibandue wote nianze upya. Aliandika upuuzi kuhusu nati na washa, vile vipete vya mpira vya ndani ya koki, ambao hata mteja asingeusema. Nikarudi nyuma, nikayapanga makosa yake yote mezani. Hakukosea hata mara moja kuhusu hita, wala gesi, wala kitu chochote kinachoweza kumuunguza mtu. Hakukosea alipoulizwa na mtu mwenye bomba wazi mkononi. Na kila kosa lilikuja baada ya Mama Valvu kunyamaza siku kadhaa.

Nilimfuata karakana. Alikuwa ameketi kwenye kopo la rangi akichambua elbo za chuma, vile viungio vya kona, kwenye ndoo.

"Mjomba, ulikuwa unakosea makusudi."

Aliendelea kuchambua. Kisha akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Ukimwambia jambo la kweli, anaandika asante, anaondoka," alisema. "Ukimwambia la uongo, anakaa mpaka jioni. Na pale nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Ningefanyaje?"

"Ungemwambia pole."

"Pole alikuwa ameshachoka nazo."

Nikamwambia kwamba kitabu kikitoka hivyo, kila kijana mwenye kisanduku kipya cha vifaa atamcheka. Jina la fundi ndiyo kazi yake. Mjomba alikuwa amelijenga lake kwa miaka arobaini ya kulala chali chini ya masinki ya watu. Nikapendekeza tuweke maelezo mafupi mwanzoni, kwamba Koki alikuwa akitania.

"Maneno ya nani hayo?" akaniuliza.

"Yako. Mhariri amesema kila mtu na lake."

"Basi kama ni yangu, yachape yalivyo. Ukisema nilitania, kila alichoshinda yule mama utakuwa umempora. Mimi nichekwe. Na wewe mdomo wako uwe na koki."

Nilimpenda mjomba siku zote, lakini siku ile nilimpenda mpaka nikamkasirikia.

Nilimtumia Mama Valvu rasimu, jibu halikuja. Nikatuma salamu, akarudisha salamu tu. Ndipo mjomba akatoa shati jeupe sandukuni, tukapanda pikapu.

Kwa hiyo tulikuwa pale sebuleni, mimi na yeye, na kutoka jikoni spana ikigonga chuma. Chumba kilikuwa safi, chenye viti viwili vya kitambaa na kitanda chembamba kilichokunjwa ukutani. Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Nilimpa pole, akaipokea kwa kichwa.

"Mama, kama hupendi, tutarudi bila kinyongo," nilimwambia. "Maneno ni yako."

"Mwanangu, yangu sina tatizo nayo." Akashusha sauti. "Nimesoma hayo makaratasi yako. Kila ukurasa mjomba wako ni mjinga. Mtu mzima yule, fundi wa kweli, unataka watoto wamshike ndevu? Mimi nikinyima ruhusa, yake nayo hayatoki, anabaki na heshima yake. Ndiyo maana nimenyamaza."

Nilisahau koki ya mdomo wangu. "Kwa hiyo unajua?"

"Mtu aliyeandika vile kuhusu hita hawezi kutojua utepe unazungushwa wapi. Nilijua tangu mwaka wa kwanza."

"Na bado ukawa unamjibu? Kurasa zote hizi?"

"Alikuwa ananiita," alisema. "Nikiitwa nisiitike?"

Jikoni mjomba alikohoa, akaomba tambara kwa sauti, akaambiwa liko dirishani. Nilimweleza Mama Valvu yote: kwamba mjomba mwenyewe ndiye anayetaka yatoke vile, kwamba anaogopa kumpora ushindi wake. Alisikiliza akikunja ncha ya khanga aliyojifunga kiunoni, na mwisho alicheka kidogo huku akijifuta macho.

"Haya. Kama ameamua kuchekwa, tutachekwa wote. Ule ukurasa wa mshale upo?"

Upo, nilimwambia. Ukurasa ule niliupenda kuliko yote. Mjomba alimshinda Mama Valvu mara moja tu, na ilikuwa wiki ya pili baada ya kumzika mama yangu, dada yake wa pekee. Nilikuwa nimetangaza msiba jukwaani, kisha sikuligusa tena. Mjomba hakuwa akila, hakuwa akisema. Alikaa karakana akitazama mlango. Alasiri moja nilifungua simu kwa kukosa la kufanya, nikaona Mama Valvu amemwambia fundi fulani kwamba valvu ya kuzuia maji yasirudi inafungwa upande wowote, ule mshale uliochorwa ubavuni ni pambo la kiwandani. Nikamwonyesha mjomba. Aliketi wima. Akaivuta miwani, akaandika kwa vidole viwili mpaka jua likazama, akamweleza mshale ni nini, maji ni nini na dunia ni nini. Alipomaliza alisoma kazi yake tena, akacheka. Nilitoka nje nikalia, kwa sababu nilikuwa nimedhani nimewazika wote wawili.

"Upo," nilirudia. "Ila mama, kama unaona aibu, huo tunaweza..."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye akili aliyesahau kuvaa viatu.

"Mwanangu, mimi nisijue mshale wa valvu?"

Nilimshika mkono, ule wenye makovu ya chuma kama yangu, na tukakaa hivyo.

"Usimwambie," alisema. "Hicho ndicho kimoja alicho nacho."

Mjomba akatokea mlangoni, tambara begani, amelowa na ameridhika. Akatangaza kwamba washa ilikuwa imekufa zamani na kwamba aliyeifunga alikuwa mpuuzi. Mama Valvu akamjibu kwamba aliyeifunga ni yeye, na kwamba washa ile ilidumu kuliko jibu lolote alilowahi kuliandika Koki. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na sikuthubutu kuwakatiza kwa ajili ya kitabu. Mwisho Mama Valvu alitia saini karatasi ya ruhusa mwenyewe, bila kuombwa, huku akimwambia mjomba kwamba tangi halijengwi hivyo.

Kitabu kilitoka, na kinauzwa kwenye maduka ya vifaa, pembeni ya gundi. Hadithi hii ninayosimulia nayo ina wenyewe wawili. Mama Valvu nimemwomba ruhusa, akasema nisimulie, kwa kuwa Koki hasomi kitu kisicho na picha ya pampu. Namwamini, maana anamjua kuliko mimi.

Jioni ile tuliporudi, mjomba aliendesha pikapu polepole, shati limemkaukia mwilini na mikunjo yake. Tulikuwa tumeuacha mji ule nyuma alipouliza, macho barabarani, "Na ule ukurasa wa mshale? Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Amekubali ubaki."

Akabadilisha gia.

"Utoe tu, mwanangu. Mimi kuchekwa sijali. Lakini yule ni Mama Valvu, watasema hata valvu haijui. Sipendi wamcheke kwa sababu yangu. Siuhitaji."

Niligeukia dirishani.

"Amesema ubaki, mjomba. Maneno ni yake."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. "Yule ni mshindani hasa." Kisha, kama anayeomba kitu kidogo tu cha njiani, akaniambia, "Hebu nisomee."

Nikaitoa bahasha, nikautafuta ukurasa, nikamsomea tangu swali la yule fundi. Nilipofika kwenye jibu lake mwenyewe, alilisema lote pamoja nami.