Kanda ya Jemedari Kishindo

Kasuku alirudi nyumbani kabla ya shule kufungwa, akiwa na sanduku lake la bati, godoro lililoviringishwa, na adhabu ya kosa ambalo uongozi wa shule uliliita "kuiga sauti ya mamlaka". Mamlaka yenyewe ilikuwa matroni. Kasuku alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la bweni alfajiri, akakohoa kama matroni, akavuta makamasi kama matroni, kisha akaamuru kila msichana atoke na ndoo yake akaguliwe kucha. Bweni zima lilitoka. Walikaa kwenye umande wakinyoosha vidole mpaka matroni mwenyewe alipoamka na kuwauliza wamekusanyika kumzika nani.

Alitegemea nyumbani angesutwa mpaka masikio yawe moto. Wapi! Baba yake alimtazama tu, akamwambia, "Kama umekuja, ukae na babu yako. Sisi wengine tumechoka."

Babu hakuwa na sauti tena. Madaktari walikuwa wamemtoa kikoromeo kilichoota uvimbe, wakamwachia tundu shingoni lililofunikwa na kitambaa cheupe, na pumzi yake ikawa inapitia hapo kwa mluzi mdogo, kama birika lisilotaka kuchemka. Alinunuliwa ubao na chaki aandike anachotaka. Hakuandika kitu. Aligeukia ukuta. Sasa hata kula alikuwa ameacha, na daktari alishasema kwamba asipokula wiki hiyo watamlaza na kumtia mpira puani; na kwa mzee wa umri ule, daktari akaongeza, "huwa hatuwarudishi wengi". Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayetaja bei.

Basi Kasuku akaapa kwamba babu atakula. Hakumwapia mtu, aliapia kioo cha bafuni, ambacho hakikutia shaka.

Silaha yake ilikuwa moja. Zamani, kabla hajazaliwa, babu alikuwa mtangazaji katika jengo la redio na televisheni, na ndiye aliyekuwa sauti ya Jemedari Kishindo. Kila mtu mzima mtaani aliikumbuka katuni hiyo. Ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa picha na milio mitupu, babu akaitia maneno. Iliwadhihaki wale mashujaa wa vifua kama makabati, wanaoruka juu ya maghorofa na kusimamisha treni kwa kidole. Jemedari naye alikuwa na joho, lakini joho lake lilibanwa na milango. Alivaa chupi juu ya suruali kama mashujaa wote, ila yake ilikuwa na kiraka. Kila kipindi alipanda mahali parefu kuliko pote, akatoa hotuba ndefu isiyo na maana, akajirusha apae, akaanguka kama fenesi. Pu! Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akakuta amewaangukia wezi. Watoto walicheka mpaka wakajikojolea. Mwenye duka la jirani alikiri hivyo mwenyewe, na alikuwa mtu wa heshima.

"Babu akijisikia akichekesha, atacheka," Kasuku alimwambia bibi yake jikoni. "Akicheka, mdomo utafunguka. Ukifunguka, mimi na kijiko tuko hapo hapo."

Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Mke mwenzangu, mambo ya televisheni kamuulize mwenye televisheni."

Ndivyo alivyokuwa bibi kila lilipotajwa suala hilo. Kasuku hakulishangaa. Wazee wale walilala vyumba tofauti tangu enzi na enzi, na yeye daima alidhani sababu ni kukoroma.

Alikwenda kwenye kituo alichofanyia babu kazi. Stoo ya kanda ilikuwa chini ya ngazi, na mtunza stoo alikuwa mama mnene aliyevaa koti kwa sababu ya kiyoyozi ambacho hakuna aliyejua kinavyozimwa.

"Katuni?" alisema. "Umechelewa kuzaliwa, mwanangu. Zama zile kanda zilikuwa za kuhesabika. Kinachorushwa leo, kesho kinafutwa, kinarekodiwa kingine juu yake. Humu mpira ulifutwa, hotuba zilifutwa, harusi ya mkurugenzi ilifutwa. Mkewe mpaka leo hatusalimii."

"Hata moja haikubaki?"

Mama alifikiri. Akaburuta kiti, akapanda, akashusha kutoka rafu ya juu boksi jembamba lenye vumbi. Ubavuni palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino: JEMEDARI KISHINDO, SAUTI. Na juu ya maandishi hayo, kwa rangi nyekundu, mtu alikuwa amekandamiza neno moja mpaka kadibodi ikakaribia kutoboka: USIFUTE.

Kasuku alipangusa vumbi kwa kiganja. Kumbe katika jengo hili lililofuta hata harusi palikuwa na mtu mwenye akili, aliyejua hazina ni kitu gani!

"Aliyenipokeza kazi aliniambia hii nisiiguse," mama alisema. "Sikumuuliza kwa nini. Hapa ukiuliza sana, unapewa kazi ya kutafuta jibu."

"Sasa utanipa?"

"Aliniambia nisiifute. Hakuniambia nisiiazimishe."

Mashine ya kuchezea kanda za aina ile, yenye magurudumu mawili kama macho ya bundi, aliiazima kwa fundi redio wa mtaani, ambaye alimwambia, "Ikirudi ina mkwaruzo, nitakufunga waya wewe uwe antena." Kasuku aliibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Mchana huo bibi alikuwa ameingia chumbani na bakuli la supu, kama alivyoingia kila siku na kutoka nalo likiwa limejaa. Kasuku akaweka mashine juu ya stuli karibu na kitanda. Babu alikuwa ameelekea ukutani, mabega yake makali kama henga ya nguo.

"Mabibi na mabwana," Kasuku alitangaza, mkono kifuani, "baada ya kupotea kwa miaka mingi kutokana na uzembe wa serikali, anawajia tena..."

"Nini hicho?" bibi aliuliza.

Kasuku akabonyeza.

Kanda ilikwaruza kwanza. Kisha sauti ikajaa chumba. Ilikuwa sauti ya babu, nzito, safi, haina hata chembe ya mluzi. Lakini haikuwa ya kuchekesha.

"Yafuatayo ni matangazo ya vifo."

Kasuku alidhani ni mzaha wa Jemedari. Akasubiri kishindo. Sauti ikamtaja karani wa posta aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, ikawataja watoto wake mmoja mmoja, bila kukosea, kila jina likipewa nafasi yake ya kukaa. Ikamtaja mama mmoja mshona nguo. Kasuku akanyoosha mkono azime.

"Acha," bibi alisema.

Sauti ikavuta pumzi. Ikataja jina ambalo Kasuku alilijua, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa nyuma ya picha iliyotundikwa sebuleni: baba yake mkubwa, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mdogo kuliko yeye, kwani alikufa akiwa darasa la tatu. Kasuku aliambiwa tu kwamba alianguka.

"...kilichotokea jana jioni kwa ajali ya kuanguka. Wafiwa ni wazazi wake, mtangazaji wa kituo hiki na mkewe, na mdogo wake. Mazishi ni leo saa kumi. Ndugu na marafiki wote mlipo, habari ziwafikie."

Haikutetemeka hata silabi moja. Kisha pakasikika mlio wa swichi, na pale matangazo yalipokomea, mabaki ya kilichokuwamo zamani yakachomoza. Tarumbeta. Na sauti ile ile, sasa imebanwa puani, imevimba kwa majivuno: "Tulieni, raia wema! Jemedari haumii! Sogeeni, nashuka!"

Pu!

Kanda ikaisha. Mkia wake ukawa unapiga mashine, tap, tap, tap. Hakuna aliyecheka. 

"Mwanangu alifunga shuka shingoni," bibi alisema, akiwa bado ameshika bakuli. "Akapanda paa la choo, pale nyuma. Wenzake walikuwa wanamshangilia. Nilimsikia akisema maneno hayo hayo nikiwa naanua nguo. Nikacheka. Nilicheka, unasikia?"

"Bibi, sikujua. Wallahi sikujua."

"Ungejuaje? Mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia haya matangazo. Nilikuwa mochwari. Watu walikuja kuniambia mume wangu amemsoma mwanangu kama anasoma bei za vitunguu. Nikamwambia, wewe si mtu, wewe ni spika. Toka siku hiyo..." Akaitazama mashine. "Sikujua kwamba alimsoma juu ya kanda ya yule mjinga wake, akamfuta."

Kitanda kililia. Babu alikuwa anageuka. Ilimchukua muda, kiwiko kwanza, kisha bega, mpaka uso wake ukatoka ukutani, umekonda, ndevu nyeupe zimemtapakaa. Hakumtazama Kasuku wala mashine. Alimtazama mkewe, akafungua mdomo. Midomo ikatembea, pumzi ikatokea shingoni, fiii, bila neno.

Kasuku akakimbilia ubao. Babu akausukuma.

"Tena," bibi alisema, akainama.

Midomo ikatembea tena.

"Anasema nini?"

Bibi alikaa kitandani, mahali ambapo Kasuku hajawahi kumwona akikaa. "Anasema alisoma haraka."

Mkia wa kanda ulikuwa bado unapiga. Kasuku akauzuia kwa kidole.

"Hukusoma haraka," bibi alimwambia mumewe. "Nimesikia. Umempa nafasi yake."

Babu alitikisa kichwa kukataa. Hakuwa mtu wa kukubali kusifiwa kwa kazi mbovu. Bibi akachota supu kidogo, akaisogeza. Mdomo uliokuwa wazi ukafungwa, si kwa ukali, ila kama mlango wa duka wakati wake ukifika. Alimshika mkewe kifundo cha mkono, kijiko kikiwa bado hewani, akafumba macho. Supu ikamwagikia shuka, na bibi hakuipangusa.

"Chukua bakuli, mama," alimwambia Kasuku. "Kamwambie baba yako kesho wamlete daktari."

"Nijaribu tena baadaye? Nikiipasha moto..."

"Chukua."

Kasuku alilipeleka jikoni. Aliimwaga supu, akaliosha bakuli, akaliosha tena, maji yakitiririka kwa nguvu ili asisikie mluzi ule ukipenya ukutani. Alijaribu, kwa sauti ya chini, kumwiga babu akisoma jina la mtoto wake, taratibu, silabi kwa silabi. Yeye ambaye aliweza sauti ya matroni, ya padri na ya mbuzi wa mpishi wa shule, alifika nusu ya jina, akashindwa.