Wimbo wa Bibi wa Mashine

Dada yangu Fathiya alininunia wiki nzima, na nyumba yake ya Hopkins, huku ughaibuni, ina vyumba viwili tu. Nje theluji magotini. Zamani, nikiwa baharia, mtu akininunia napanda meli, naenda zangu. Sasa macho hayaniruhusu kuendesha gari, na mwenye gari ni yeye.

Kisa ni albamu. Munir, mwenye bendi, alinichukua nimpigie kinanda cha umeme. Albamu akaiita Asante kwa Kusubiri. Nyimbo zote ni kejeli: simu za maofisini, mameneja wanaochekacheka. Vijana wakaipenda, bendi nyingine zikaanza kutuiga. Wimbo mmoja unaigiza ile mashine ya nyumbani inayosema na watu kwa sauti ya bibi: "Zima taa, mpenzi. Funga mlango, mpenzi. Nakuona, mpenzi."

Munir alikusudia mashine. Lakini akina mama wetu wa Mombasa wanaoishi huku wamelelewa na taarab; kwao wimbo lazima uwe na mtu wake. Wakaulizana: Faiz mpiga kinanda anaishi kwa nani? Nani humwambia azime taa? Basi. Kila arusi wanauomba, wanaucheza wakimwelekea Fathiya.

"Umekula kwangu, umelala kwangu, kisha ukanitungia," aliniambia hatimaye, tukiwa garini kwenda arusini Woodbury.

"Wallahi dada, mimi napiga tu."

"Leo usiupige. Ukiupiga, tafuta pa kulala."

Nikamwahidi.

Ukumbini hatujamaliza wimbo wa pili, Nasima, mmoja wa akina mama hao, akapaza sauti kutoka meza ya mbele: "Zima taa!" Ukumbi mzima ukapokea.

Munir akaniinamia. "Mzee, bi arusi mwenyewe anautaka."

"Mwambie kinanda kimeharibika."

"Si wamekisikia sasa hivi?"

Fathiya alikuwa amekaa mezani kwake. Kwetu, anayepigwa fumbo akikaa, limempata. Akiinuka akalicheza mbele ya mwingine, linamhamia huyo. Nikamwona anajifunga leso kiunoni. Akaja mpaka mbele yangu.

"Piga," akasema.

Nikapiga. Akacheza kidole kikiwa usoni pangu, akiimba na kutia maneno yake: "Zima taa, mpenzi! Viatu nje, mpenzi! Koga, mpenzi!"

Ukumbi ukalipuka. Nasima akaja na wenzake, wakanizunguka, vidole vyote kwangu. "Koga, mpenzi!" Nikatafuta mlango, siuoni kwa maleso. Nikajaribu kuumaliza wimbo.

"Rudia, kaka," akasema Fathiya, anacheka mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Mpaka lini, dada?"

"Mpaka nichoke."

Nikarudia.